Lenzi ya Masanja

Zaina hakusalimia. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya boma la miiba, akajikung'uta vumbi la njia ya Kiegei, akasema, "Nimeambiwa una lenzi."

"Kwetu mtu husalimia kwanza," alijibu Lubasha, mwenye boma, bila kuinuka kigodani.

"Hata kwetu. Na kwetu ng'ombe hawalishwi ufuta wa mtu."

Mwaka jana kundi la ng'ombe lilipita kwenye shamba lake la Naipingo, likaacha vijiti. Hakujua lilikuwa la nani, wala hakutaka kujua. Kwake, wote waliokuja na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa walikuwa mtu mmoja mwenye fimbo moja. Asingekanyaga boma lao kwa jambo dogo.

Jambo lenyewe lilikuwa Imrani, mwanawe, aliyekufa kwa malaria akiwa darasa la pili. Zaina, aliyewapiga picha maharusi wa Nachingwea yote na Ruangwa hadi Mbekenyera, hakuwa na picha ya mwanawe hata moja iliyobaki. Zilikuwa kwenye simu, na simu ikaibwa. Kilichobaki ni picha ya darasa zima, Imrani safu ya nyuma, uso mdogo kama punje ya choroko. Kila alipoukuza, punje iligeuka doa. Alihitaji lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Za mtumba alizoletewa kutoka Dar es Salaam zote zilikuwa zimeota kuvu ndani.

Lubasha alileta sanduku la bati. Zaina akaketi, akaitoa lenzi, akaimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma, akatafuta zile nyuzi nyeupe za kuvu. Hakuna. Akaizungusha pete, ilikwenda laini, bila kukwaruza. Vijipanga vya tundu la mwanga vilifunga vikavu, havikuwa na mafuta. Akaukunja uso ili furaha isionekane.

"Unamulika hivyo unatafuta mwizi?"

"Natafuta kuvu. Vya watu wasiojua kutunza huwa na kuvu."

"Umeiona?"

"Naichukua hii."

"Peke yake huichukui. Ina mama yake." Lubasha akatoa ndani ya shuka kamera ya zamani ya macho mawili, ile ya kushikwa kifuani na kuchunguliwa kwa juu. "Ndama anayenyonya hatumuuzi mbali na mama. Anayetaka mmoja anaswaga wote."

Zaina akacheka, kicheko kibaya. "Mama yake! Hii macho yake hayatoki kuwekwa lenzi nyingine, bwana. Lenzi hii ni ya kamera nyingine kabisa. Umemfunga ndama wa mbuzi kwa ng'ombe."

"Ndama wa mbuzi ndiye nani? Hata mbuzi humjui, unanicheka." Lubasha hakucheka. "Zilikuwa za kaka yangu Masanja. Zimetoka Mwanza sanduku moja. Kwangu zitatoka pamoja."

"Haya, nimwone huyo mama."

Baba yake Zaina, aliyemwachia studio, alimfundisha sheria moja ya kukagua kamera ya mtumba ya filamu: kabla ya kufungua mgongo, zungusha kitasa. Kikiwa kizito, kuna filamu ndani, na mwanga utaiunguza. Zaina aliijua sheria hiyo kama jina lake. Lakini mtu wa ng'ombe angekuwa na filamu ya nini? Akavuta kishikizo, akafungua mgongo katikati ya jua.

Karatasi nyeusi ya filamu ilikuwa imekazwa pale ndani. Alifunga haraka.

"Umefanya nini?"

"Kuna filamu."

"Najua kuna filamu! Mna Masanja humo." Sasa alikuwa amesimama. "Alipiga wengine picha maisha yake yote. Siku tunapakia ng'ombe akanipa hiyo, akanionyesha pa kubonyeza, nikampiga. Alikufa kabla ya kufika huku. Aliniambia usifungue, basi. Sijafungua."

"Ungesema!"

"Ungeuliza! Umekuja hapa kuuliza nini? Ufuta!"

Zaina alijibu kifundi tu. "Ile karatasi huzuia mwanga kidogo. Huenda kuna kilichopona. Niachie nikaioshe."

"Wewe?"

"Unamjua mwingine? Hapa mpaka Ruangwa hakuna."

Lubasha alimtazama kama anayetazama nyayo za fisi zizini. Akaichukua lenzi mapajani mwa Zaina, akairudisha sandukuni, akamsukumia kamera. "Lenzi inabaki. Ukirudi mikono mitupu, naiponda kwa jiwe ukiona."

Zaina aliiosha filamu katika chumba cha giza cha baba yake, kwa dawa aliyoiagiza Dar es Salaam. Pembeni mwanga ulikuwa umepenya na kula. Katika picha ya mwisho palibaki nusu ya mwanamume: jicho moja, shavu, kofia, na nyuma yake pembe za ng'ombe. Nusu ya pili ilikuwa nyeupe tupu.

Aliisafisha picha, akarudi Kiegei na kamera. Safari hii alisalimia. Lubasha hakuitikia. Alipokea picha, akaishika kwa mikono miwili, akageuka upande ili mwanamke asione uso wake.

"Umemkata," alisema hatimaye.

"Nimemkata."

Akaiweka kamera ndani ya shuka, akaifunga fundo. Kisha akaitoa lenzi sandukuni, akamrushia kama anayemtupia mbwa mfupa.

"Chukua ndama. Mama anabaki. Na usije tena hapa."

Zaina alijua maana ya kupewa ndama bila mama: hutendewa hivyo mtu asiyetakiwa kuonekana tena. Aliichukua hata hivyo.

Kesho yake, mlango wa studio ukiwa umefungwa, aliifunga lenzi kwenye kamera yake, akaisogeza juu ya picha ya darasa mpaka safu ya nyuma ikajaa kioo. Doa halikutokea. Imrani alikuwa anacheka, jino moja la mbele halipo. Zaina alikuwa amelisahau hilo pengo. Alilitazama jioni yote, na kila alipofumba macho aliona jicho moja chini ya kofia.