Chuma Chini ya Ukuta wa Mai Netsai

"Ukuta ukianguka, Mhofu, utanijengea kwa kitu gani? Kwa ndevu zako?"

Saa moja asubuhi, Torwood, mtaa wa waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Redcliff, Zimbabwe. Mai Netsai, mjane wa Banda, amesimama uani, mwiko wa sadza, ugali wa kwetu, mkononi. Ndani ya shimo, hadi kiunoni, yumo jirani yake Fanwell Chigariro, mzee wa miaka sitini na minne, ambaye wote tunamwita Mhofu kwa jina la heshima la ukoo wake. Ua umeshajaa watu. Ugomvi wa bure, nani ataukosa?

Chigariro alikuwa mtu wa tanuru. Enzi hizo, anasema, anga la usiku lilikuwa jekundu hata watoto wakisoma nje bila taa, na siku ya mshahara baa hazikuwa na pa kukanyaga.

Kisha moto ukazimwa. Wenye pa kwenda wakaenda. Waliobaki wanafukua vichochoro, kwa kuwa vilijazwa mabaki ya tanuru, na humo mna vipande vya chuma. Gunia ni dola kumi. Wiki mbaya halijai.

"Zamani tulikipika," anasema. "Leo tunakichakura kama kuku."

Asubuhi hii nyundo yake imegonga bonge kubwa kama ng'ombe aliyelala. Lingempa nauli ya kwenda shambani Gutu kwa mkewe, na mbegu za msimu juu. Ila limeingia chini ya ukuta wa jiko la Mai Netsai.

"Mama, chuma hiki unakijua? Siku tanuru lilipofurika, mimi na Banda wako ndio tuliokuja kukimwaga hapa. Tulicheka kama wendawazimu. Kiatu chake kimoja kiliungulia humo."

"Banda wangu?"

"Banda wako."

Mai Netsai anautazama ukuta.

"Kumbe bado ananishikia nyumba," anasema polepole.

Chigariro analipapasa bonge kwa kiganja. Kisha anashika koleo, anaanza kurudisha udongo.

"Mhofu, umerogwa?" mtu anapiga kelele. "Na Gutu je?"

"Gutu haihami. Kesho nitajaribu kule relini. Mvua zikinikuta hapa, basi nitapanda mwakani."

Shimo linajaa.

"Toka humo, shemeji," anasema Mai Netsai. "Nawa mikono, uingie ndani. Sadza inapoa."