Majira ya Baridi Tuliyokaa Bluff na Mama Eleni

Harufu ya samaki wanaochomwa juu ya makaa, wakiwa wamekamuliwa ndimu na kunyunyiziwa majani makavu ambayo hadi leo sijui huitwaje kwa Kiswahili, hunirudisha mara moja kwenye majira ya baridi nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Baridi ya Durban si ya kutisha. Asubuhi unavaa sweta, na jua likipanda unaivua na kuifunga kiunoni. Shule zilikuwa zimefungwa. Baba alikuwa dereva wa malori huko Clairwood, na mara nyingi likizo zetu zilimkuta yuko njiani, mbali kaskazini, akipiga simu kutoka mpakani. Sisi tuliishi Sydenham, katika chumba cha uani nyuma ya nyumba ya watu. Likizo kwangu na kwa mdogo wangu Amani ilikuwa ni kukaa ndani, mlango umefungwa kwa ufunguo, tukisikiliza televisheni ya jirani kupitia ukutani mpaka Mama arudi kazini.

Kazi ya Mama ilikuwa kumtunza mjane mmoja wa Kigiriki aliyeitwa Eleni, aliyekuwa akiishi Bluff, ng'ambo ya bandari. Mama alimwita Mama Eleni, na sisi watoto, tulipozoeana naye, tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu kwetu Kivu, nchini Kongo. Alikuwa amekuja Afrika Kusini akiwa bibi harusi, akazeekea hapa, lakini kila mwaka wakati wa baridi yetu alipanda ndege kwenda kwao, kwenye rasi moja ya mawe kusini mwa Ugiriki, ambako wakati huo ni kiangazi. Mwaka ule daktari alimkataza kupanda ndege. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Mwanawe, Mista Niko, aliyeishi Johannesburg, aliongeza amri yake mwenyewe kwa simu: asiende popote na asiingie baharini, na mwisho wa likizo za shule angekuja kumchukua wakaishi pamoja. Nyumba ya Bluff ingeuzwa.

Koko alilia siku mbili, Mama alituambia. Kisha akafuta machozi, akamwambia Mama, "Furaha, lete watoto wako. Kama siwezi kwenda likizo, likizo itakuja hapa."

Ndivyo tulivyohamia Bluff na mifuko yetu ya plastiki. Ukiangalia mahali penyewe unaelewa kwa nini yule mama alipachagua tangu ujana wake. Bluff ni ulimi wa nchi ulioinuka, bahari upande mmoja na bandari upande mwingine. Ukisimama juu kwenye mgongo wake asubuhi, unaona nyuma yako kreni za bandari zikiinua makontena, na mbele yako meli zimetulia majini zikisubiri zamu ya kuingia. Nyumba ya Koko ilikuwa upande wa bahari, na kibaraza chake kilikuwa na vigae vyekundu vilivyopasuka. Usiku wa kwanza Amani alidhani sauti ya mawimbi ni malori, akauliza kama Baba amerudi.

Kule kwao, Koko alitueleza, likizo ina taratibu zake na hazivunjwi. Asubuhi watu wote huteremka baharini kabla jua halijawa kali. Adhuhuri hula samaki, nyanya, mkate na zeituni, nje, kivulini, bila haraka. Kisha mji mzima hulala. Jioni watu huoga, huvaa nguo zao nzuri na kutembea barabarani polepole, huku na huku, bila kwenda popote, ila tu kuonana na kusalimiana. Mwisho hukaa nje wakinywa kahawa na kusema watu. Yote hayo tuliyafanya, na aliyasimamia kutoka kwenye kiti chake kama mwalimu mkuu. Zeituni zilitushinda, Amani aliitema ya kwanza mkononi na kuitazama kwa huzuni. Usingizi wa mchana nao ulitushinda wiki ya kwanza, tukalala macho tukihesabu nyufa za dari, lakini ya pili ukatukamata kama watu wazima.

Nilichokipenda zaidi ni matembezi ya jioni. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, nami gauni la Pasaka. Koko alijipaka rangi ya mdomo, akamshika Mama mkono, na sote tukatembea kandokando ya barabara hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, na kurudi. Watu wa Bluff walikuwa wakitoka kazini kwa magari yao, wakatushangaa. Koko aliwapungia mkono mmoja mmoja. Baada ya siku kadhaa walianza kujibu, na mzee mmoja mwenye mbwa akawa anatusubiri getini kwake ili asalimiwe. Kulikuwa na tumbili pia, walioshuka kwenye miti na kuiba mkate wetu kibarazani, na Koko aliwatukana kwa Kigiriki mpaka Amani akajifunza matusi yale yote bila kujua maana yake. Siku moja tulipanda hadi penye mnara wa taa, tukaona nyangumi. Kwanza moshi mweupe wa maji, kisha mgongo mweusi ukipinduka taratibu. Koko alisema kwao hawana kitu kama hicho, na kwamba akifika atawasimulia. Kisha akakumbuka kwamba hafiki.

Na kulikuwa na siku ile walipokuja sadini, samaki wadogo wanaopita pwani hii kwa makundi wakati wa baridi. Mtaa mzima ulikimbilia ufukweni. Watu walivuta nyavu, wengine waliingia na nguo zao wakichota samaki kwa ndoo, kwa vikapu, hata kwa sketi. Maji yalikuwa yakimetameta kama sahani zilizooshwa. Mama alimwokota samaki mmoja mchangani, akamgeuza kiganjani, akacheka. "Hii ni ndagala tu," alisema. "Ndagala ilikula ikashiba." Ndagala ni dagaa wa ziwa letu la Tanganyika. Hicho kilikuwa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Lakini niliona pia kwamba alisimama mbali, pale mchanga ulipokuwa mkavu, na wimbi lilipomkaribia alirudi nyuma.

Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kabla. Kila asubuhi tuliteremka wote kwenye bwawa la miambani, lililozungushiwa ukuta wa saruji. Bahari ikijaa inamwagikia ndani; ikipwa, bwawa linabaki limetulia. Amani nami tulirukaruka kwenye maji ya magoti. Koko alikaa kwenye benchi na miguu yake iliyovimba, akitazama maji jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama chakula cha wengine. Mama alikaa kando yake, viatu miguuni. Nilidhani hajui kuogelea.

Jioni moja, wakati wa kahawa, Koko alimuuliza. Kiingereza chao kilikuwa cha kuazima pande zote mbili, ila walielewana vizuri kuliko watu wengi wanaozungumza lugha moja.

"Furaha, wewe umezaliwa kando ya maji. Unajua kuogelea?"

"Nilijua."

"Mtu hasahau kuogelea."

"Sikusahau, Mama Eleni. Niliacha."

Koko aliacha kikombe kipoe. Ndipo Mama akaeleza, akitazama meli, na mimi nikiwa nimejilaza kwenye mkeka nikijifanya nimesinzia. Kwao ni Ubwari, rasi inayoingia ndani ya ziwa, na watoto wa huko huogelea kabla hawajajua kusuka ukili. Vita vilipofika walikimbia kwa mitumbwi. Mama alikuwa kwenye wa mbele. Mdogo wake, Wilondja, alikuwa kwenye wa nyuma, kwa sababu wa mbele ulijaa. Upepo ulivuma, na walipofika ng'ambo walisubiri ufukweni kutwa nzima. Mtumbwi wa nyuma haukufika. "Aliogelea kuliko mimi," Mama alisema. "Kama maji yalimshinda yeye, mimi sina la kuyaambia." Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba nina mjomba, wala jina lake.

Koko alimshika mkono, wakakaa hivyo. Kisha akasema, "Mimi nitakwenda Johannesburg. Huko hakuna bahari. Nataka kuingia mara moja tu, na siwezi peke yangu."

"Mwanao amekataza."

"Najua amekataza."

Usiku ule na kesho yake nilimwona Mama akiosha vyombo vilivyokuwa safi. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, na moyo wa Koko ungeweza kusimama majini, mikononi mwake. Siku ya tatu asubuhi alisimama kibarazani akiangalia bahari, akasema, "Maji yamekupwa. Twende."

Alijifunga kitenge kifuani, akavua viatu akavipanga pembeni ya benchi. "Batoto, mukae pale kwa ukuta," alituambia. "Hapana kusogea."

"Iko baridi?" Amani aliuliza.

"Iko maji tu."

Alisimama kwenye ngazi ya bwawa, maji yakimfika vifundoni, muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Midomo yake ilikuwa ikisogea; sijui aliomba au alizungumza na nani. Kisha akamgeukia Koko, akamshika kiunoni, wakashuka hatua kwa hatua kama maharusi wanaoshuka ngazi za kanisa. Koko alivuta pumzi kwa kelele baridi ilipomfika tumboni. Mama akamlaza chali, mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya mgongo. Nywele nyeupe zikatawanyika majini. Miguu ile mizito, iliyokuwa ikimlemea kila hatua, ikaelea. Alifumba macho akazungumza Kigiriki, taratibu, na safari hii hayakuwa matusi.

Alipochoka, Mama alimkalisha kwenye ngazi, maji yakimfika kifuani. "Sasa nenda," Koko alimwambia. "Nitakutazama." Mama alijiachia mbele. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba yule niliyemwona akikata maji bila kurusha tone, akienda hadi ukutani na kurudi, hakuwa Mama niliyemfahamu wa taxi na mifuko na kuchoka. Alikuwa msichana wa mahali fulani. Alipoinua uso alikuwa analia na anapumua vizuri.

Hapo ndipo Mista Niko alipotokea. Alikuwa amepiga simu nyumbani siku iliyotangulia tukiwa matembezini, akapiga tena usiku sote tumelala, hakujibiwa. Akapanda ndege ya asubuhi. Mzee mwenye mbwa ndiye aliyemwelekeza. Alikuja juu ya miamba na viatu vyake vya ofisini, uso umemwiva, akipaza sauti kabla hajatufikia. Alimuuliza Mama kama anataka kumuua mama yake. Mama alitoka majini akitetemeka, kitenge kimemganda, akasimama mbele yake bila kujitetea. Amani alinishika mkono.

"Niko," Koko alisema pale kwenye ngazi. "Mimi ndiye niliyemwomba. Njoo ukae nami."

Mista Niko alisita. Kisha, polepole, akavua viatu, akashuka na suruali yake ngazi mbili tatu, akakaa. Hakusogea zaidi. Mama yake aliegemeza kichwa begani kwake, na begi la kompyuta lilikuwa bado linaning'inia upande wa pili. Nilipowatazama vizuri, niliona mkono wake umeshika chuma cha ngazi kwa nguvu zote. Mista Niko hakujua kuogelea.

Njiani kurudi alitembea kando ya Mama. "Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa," Mama alijibu.

"Ndiyo. Ningekataa." Mchana alichoma samaki yeye mwenyewe, na hakutufukuza.

Hakubadili uamuzi wake kuhusu Johannesburg. Likizo zilipokwisha alimchukua mama yake, nyumba ikauzwa, nasi tukarudi Sydenham. Mama alikaa bila kazi mpaka alipopata nafasi kwenye saluni ya Mkongo mwenzetu mjini. Koko alifariki kabla ya baridi nyingine kufika. Mista Niko ndiye aliyetupigia simu. Alimwambia Mama kwamba siku za mwisho mama yake alikuwa akisimulia nyangumi kwa kila muuguzi aliyeingia chumbani. Kisha akauliza kama Mama angekubali kumfundisha kuogelea. Alikuja kweli, mtu mzima mwenye kitambi, na Mama akamlaza chali katika bwawa lile lile huku akimwambia aache kupigana na maji.

Leo nafanya kazi katika ofisi ya meli bandarini, na dirisha langu linaitazama Bluff. Wenzangu huenda likizo mbali, hurudi na picha za rasi nzuri za Mediterania, maji ya buluu na vijiji vyeupe, na huniuliza mimi nitakwenda lini. Nawaambia nitakwenda, na pengine nitakwenda. Nina gari, nina siku za mapumziko zilizoandikwa kwenye mkataba, mambo ambayo wazazi wangu hawakuwa nayo. Ila wiki nyingi hupita sijavuka hata kwenda ng'ambo ile ninayoiona kutoka mezani kwangu, na hakuna jioni niliyowahi kutembea barabarani kwa ajili ya kusalimiwa tu. Katika hilo utoto wangu ulikuwa tajiri kuliko mimi.

Lakini kuna jambo moja ambalo leo linaushinda wakati ule. Mama alianza kumtaja mdogo wake, kwanza kwa shida, kisha kama mtu wa kawaida aliyependa kuiba miwa na kuimba vibaya. Nilipojifungua mtoto wa kiume, nilimwomba jina lile, naye akanipa. Mwanangu ana miaka sita na hataki kutoka majini. Jumamosi tunazofika bwawani, Mama husimama kwenye maji ya kiuno, midomo ya mtoto ikishaanza kutetemeka kwa baridi, na humwita kwa sauti inayosikika hadi barabarani: Wilondja. Wilondja, kuya. Naye huja.