Mke Wangu na Panga za Kale

Mke wangu ni mnoa visu. Wauza nyama wote wa soko letu wanamjua, na mkono wake hauwezi kukutana na kitu butu ukatulia. Ndiyo maana nilicheka aliponiambia ameanza kukusanya panga za kale.

Upanga wa kwanza aliusugua siku mbili kwa jiwe na msasa mpaka ukang'aa kuliko sufuria zetu. Akaupeleka kwa maringo kwa mzee mmoja muuza vitu vya kale. Mzee akauliza, "Alama ya mhunzi iko wapi?" Mke wangu alikuwa ameifuta pamoja na kutu. Upanga wa enzi za mababu ukawa kisu kirefu cha jikoni. Alilia, nami kwa ujinga wangu nikamtania. Sikurudia.

Wa pili aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Safari hii aliipenda kutu hadi tukauza friji ili aununue, kumbe upanga wenyewe ulitengenezwa juzi tu ukalowekwa kwenye maji ya betri ushike kutu. Ndani ya mpini mlikuwa na skrubu mpya kabisa. Tulikunywa maji ya uvuguvugu mwaka mzima.

"Kufanya kosa si kosa," alisema, "kosa ni kurudia kosa." Akanunua kioo cha kukuzia, na kila Jumamosi akawa kwa yule mzee, anatazama bila kugusa. Mke wangu akishika jambo, hata mimi hukaa pembeni.

Kisha mdogo wake wa kiume akaja kibandani na upanga wa babu yao, ambao mke wangu aliutamani tangu utotoni.

"Dada, nisugulie ung'ae, na hii ngozi kuukuu ya mpini itoe. Nataka kuutundika sebuleni. Kama huna nafasi nampelekea fundi wa kuchomelea, yeye ana mashine."

Mke wangu alizima mota ya jiwe lake.

"Shika mpini," alisema. "Kaza."

Shemeji akashika. Ngozi ilikuwa imebonyea mahali patatu, vidole vyake vitatu vikaingia barabara, cha mwisho kikakosa pa kukaa. Babu yao hakuwa na kidole kidogo mkono ule.

Shemeji aliviinamia vidole vyake, bado ameushika. Mke wangu angeuomba wakati ule, angepewa. Hakuuomba.

"Sasa niufanyeje, dada?"

"Mafuta kidogo, kitambaa kikavu. Na fundi yeyote asiuguse, mdogo wangu. Hata mimi."