Viatu Vilivyotazama Mlango

Kwenye karakana ya seremala, mtaani kwetu Uvira, walisema sitamaliza masomo Kanada, na nikimaliza sitarudi, na nikirudi nitaleta kiburi tu. Nilimaliza. Diploma ya umeme, bila mjomba wa kunishika mkono, nikisugua vyoo vya maofisi ili nile. Na nilirudi. Kuhusu kiburi, waulizwe wenyewe.

Toronto nilipanga chumba mtaa wa Weston pamoja na Kenji, Mjapani niliyesoma naye. Jumamosi moja, ndege zikishuka juu ya paa letu kama kawaida, nilimkuta ameinama mlangoni akigeuza viatu vyangu vitazame nje.

"Sasa viatu hivi vinakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani mama hunigeuzia. Asubuhi naingiza miguu tu, naenda."

Kisha akaguna. Wiki hiyo alikuwa anarudi Japani, na alikuwa na hofu: mama yake atamkemea kwamba anapaza sauti kwenye treni, atamuuliza ataoa lini, atamlazimisha aoge kabla ya chakula.

Nilimwonea wivu palepale. Mtu anarudi kwao, na hofu yake yote ni kuoga!

Nami nikarudi kwetu mwaka 1995. Mama nilimletea viatu vyeusi vya ngozi nilivyonunua Agincourt, mtaa mwingine wa Toronto. Aliviweka chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Kila mgeni alionyeshwa. Kuvivaa, hakuvivaa. Ndala zake zilikaa mlangoni pamoja na zetu, na kila jioni nilizigeuza zote zitazame nje.

"Mtoto wangu ameenda mpaka Kanada," aliwaambia majirani, "amerudi na diploma ya kupanga ndala."

Walicheka. Hata mimi nilicheka, maana neno diploma alilitamka kwa kuvuta.

Mwaka uliofuata, vita vilitukuta tunakunywa chai. Milio ilianzia milimani, ikashuka mtaani kabla vikombe havijapoa.

Tulitoka. Ndala zilikuwa tayari. Tuliingiza miguu, tukaenda.

Barabarani mama alisimama.

"Viatu vyangu."

"Mama, umevaa!"

"Hizi ni ndala. Vile vya mtoto wangu wavae askari? Thubutu!"

Akarudi. Nilimkimbilia hadi kwenye ua.

Bomu liliangukia nyumba, mama akiwa ndani.

Milio ilipohamia mtaa mwingine, jirani yetu Mama Furaha alifungua kitenge chake cha juu, tukamvika mama kama sanda. Seremala, yuleyule wa maneno, alikuja na sepetu lake, na mpini wake ulivunjika tukichimba kaburi.

"Nitawarudishia," niliwaambia.

"Wewe tembea kwanza," alisema Mama Furaha.

Niliingia Toronto mara ya pili kama mkimbizi, diploma niliyoiokota kwenye kifusi imefungwa tumboni ndani ya nailoni. Miezi haikupita mingi nikawa fundi kamili, na majengo niliyoyatilia umeme bado yanawaka. Siku moja Kenji alinipigia simu kutoka Yokohama. Amechoka, alisema. Treni zimejaa, bosi haondoki kazini, na mama yake hamwachi.

"Mtu mzima mimi, bado ananigeuzia viatu!"

"Kenji," nikamwambia, "nyamaza."

Nikamsimulia ya mama na viatu vyake. Tangu siku hiyo hakunilalamikia tena, na hilo nalo niliona kama ameninyima kitu.

Seremala nilimtumia sepetu jipya na randa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Mama Furaha alipokelewa Kanada mwaka 1999, akaja kwangu Weston na baridi yake yote mwilini. Nilimkabidhi kitenge kipya, pea nzima. Alikinusa, akakikunja, akasema, "Mama yako angesema umechagua rangi mbaya." Basi, sikudaiwa tena na mtu.

Alipokwenda jikoni kuchemsha chai, niliona viatu vyake mlangoni. Niliinama nivigeuze. Nikakumbuka ndala zilizokuwa tayari, nikaviacha vitazame ndani.

Toronto ilikuwa jioni. Japani kulikuwa kunakucha, na mama yake Kenji alikuwa ameshainama mlangoni.