Kikanyagio changu kilivyomwangusha bibi wa watu bila hata kukanyagwa

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hili ni la kwangu mwenyewe, sijahadithiwa kijiweni. Nikiongeza chumvi hata punje moja, banda langu livuje. Na kwa mvua za huku Mbeya, hiyo siyo laana ya kuchezea.

Mimi ni fundi wa matairi chakavu, niko Ilomba. Sizibi pancha. Nakata tairi natengeneza viatu vya katambuga, kamba za kufungia mizigo, na siku hizi vile vya kufutia miguu mlangoni. Watu wa ofisini wanaita doormat, mimi naita kikanyagio.

Elimu yangu ni form two na nusu. Hiyo nusu ni siku niliyorudi shule kuchukua kiti changu.

Sasa msimu wa mvua uliopita akanipigia simu Dada Sada. Huyu ni msimamizi wa jengo moja la ghorofa pale Iringa mjini, chini maduka, juu maofisi.

"Fundi, mlangoni kwangu kuna tiles zinang'aa kama kioo. Mvua ikinyesha watu wanaingia na tope la mji mzima. Mazulia ya dukani hayamalizi hata msimu, yanageuka madekio. Nitengenezee kitu kigumu, watu wasiteleze."

Mmeona alichosema? Kigumu, watu wasiteleze. Neno "kizuri" hakulitaja kabisa.

Lakini mimi bwana, nikisikia "ghorofa" akili inaruka. Nikaona hii ndo nafasi yangu ya kujulikana Nyanda za Juu zote.

Nikaenda Mbalizi kwenye gereji za malori, nikachagua matairi ya maana. Nikakata, nikasuka na waya, kikakaa vizuri. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili.

Sikuishia. Nikachukua rangi ya mafuta, nikachora tembo na mtoto wake, pembeni maua mekundu, juu KARIBU kwa njano. Wakuu, kile kitu kilikuwa kinapendeza. Mke wangu alikiangalia muda mrefu, akasema, "Baba Neema, kumbe una kipaji, basi tu hukisemi." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Jumanne nikapanda nacho basi mpaka Iringa, nikakitandika mlangoni, nikapiga picha kumi na tano, nikarudi zangu Mbeya.

Alhamisi asubuhi simu. Dada Sada.

"Fundi, kuna bibi kaanguka hapa mlangoni kwenye kikanyagio chako. Hawezi kusimama. Tunampeleka hospitali. Wewe njoo."

Aisee.

Nikakimbilia stendi, banda hata sijafunga. Maana kuna jambo nilikuwa nalijua peke yangu: ile rangi ya mafuta ikilowa inateleza. Niliijaribu kwa kidole nyumbani, nikasema aah, itajikausha.

Safari ya Mbeya mpaka Iringa siku ile ilikuwa ndefu kuliko ndoa ya mtu mkorofi. Nawaza nyonga tu. Mtu mzima wa umri ule nyonga ikivunjika, mara nyingi ndo basi, shamba anaishia kulisikia kwenye maongezi ya wengine.

Nafika hospitali, nakuta bibi kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha x-ray, kajifunika khanga, Dada Sada pembeni yake anatembeza tasbihi. Bibi anatokea vijiji vya upande wa Tosamaganga, alikuja mjini kusajili laini ya simu kwa kidole. Basi. Laini tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kamwene," akamalizia na salamu ya Kihehe. "Wewe ni nani tena?"

Dada Sada akaniwahi, "Ndo fundi wa kile kikanyagio, bibi."

Picha ilikuwa imeshapigwa, tunasubiri majibu. Wakuu, mimi siyo mtu wa kusali sana, ila pale nilisali ya kwangu nikaazima na ya Dada Sada.

Daktari akatoka. Kijana tu, hata ndevu hana. Akasema hakuna mfupa uliovunjika. Nyama imevilia damu, atachechemea kidogo, apumzike, atapona.

Nilikaa chini. Siyo kwenye benchi, chini kabisa sakafuni. Nesi akaniuliza kama na mimi ni mgonjwa.

Machozi yalipokata nikaona bora nitubu. "Bibi nisamehe. Ile rangi yangu ndo imekuangusha. Nilijua inateleza."

Bibi akanikodolea macho. "Rangi ipi? Mimi sijakikanyaga kile kitu chako."

"Hujakikanyaga?"

"Mjukuu wangu, nimetoka shamba na matope mpaka hapa, nimkanyage tembo na mwanawe? Watu wamelelewa bwana. Nilikiruka."

Dada Sada akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanaruka. Yaani asubuhi ile bibi aliruka hewani, akatua kwenye tiles zenye maji. Mwisho wa hadithi.

Kesho yake nikakaa pale mlangoni asubuhi nzima na mlinzi, mvua inanyesha. Nilichokiona kinatia aibu. Mmoja anapita pembeni, amebana ukuta kama mwizi. Mmoja anaruka. Mzee mmoja akavua gumboot, akakanyaga na soksi, akavaa tena upande wa pili, akanisalimia kwa heshima zote.

Sisi huku tumezoea, penye uzuri unavua viatu. Nilitengeneza kitu cha kukanyagwa ambacho mtu mwenye adabu hawezi kukikanyaga.

Nikakikunja siku ile ile. Nikarudi Ilomba kuanza upya.

Safari hii hakuna rangi. Cheusi tupu, kibaya kama lami. Vipande nimeviachia nafasi katikati, tope na maji yanadondokea chini badala ya kubaki juu. Matairi yenye waya ndani nikayaacha, nikachukua ya nyuzi, maana waya ukichomoza unachana vidole vya wenye kandambili. Kingo nikazichonga ziwe nyembamba zisimkwaze mtu.

Na urefu, hatua tatu nzima. Uruke uone kama utafika.

Nikakipeleka Iringa, fundi tiles akachimba sakafu kidogo, kikazama, kikawa sawa na chini.

Dada Sada akakiangalia. "Fundi, mbona kama umenuna ulipokuwa unatengeneza?"

Nikamwambia dada, tungoje mvua.

Ikaja. Watu wanaingia, wanakanyaga tu, tope linabaki, hakuna anayeangalia chini. Hata wa kuniambia hongera hakuna! Nikajisikia vizuri ajabu.

Baada ya wiki kadhaa nikaenda kukagua kama kuna kipande kimelegea. Nani anaingia? Bibi, anachechemea kidogo sana, simu sikioni, laini ishasajiliwa, anamgombeza mtu kwa Kihehe. Akapita hatua zote tatu na viatu vya tope hajapunguza mwendo.

Nikamkimbilia. "Bibi, vipi, umekionaje kikanyagio kipya?"

Akatoa simu sikioni, akageuka nyuma, akatafuta.

"Kipi?"

Nilichojifunza: kabla hujatengeneza kitu cha mlangoni, kaa kwanza mlangoni uangalie miguu ya watu. Sifa utazipata kwingine.

Sasa wajuzi wa humu nisaidieni. Jua likiwaka sana tairi linatoa harufu, mnaidhibiti vipi? Na wewe ofisini kwenu mlangoni, unakanyaga, unaruka au unabana ukuta? Semeni ukweli, nipo nasoma.