Nyumba ya Chumba Kimoja

Baba alipoacha kazi na kuingia pansioni, kampuni ilitaka nyumba yake irudi kabla ya mvua. Mama alikufa zamani, ndugu zangu wakubwa wote wana ndoa zao, na ile nyumba ya kambi ya wafanyakazi ilikuwa na vyumba vitatu vya watu wawili wasioongea sana. Lakini dada yangu wa Kambove alisema wazi: kama Baba akipata nyumba ya chumba kimoja, nitaenda kuishi naye huko, maana msichana mkubwa halali chumba kimoja na baba yake. Watu wanadhani mwenye haya kama mimi anapenda kuwa mbali na kila mtu. Si kweli. Mimi nilitaka kuwa karibu na mmoja tu.

Tukaanza kutafuta. Baba hakuwahi kununua nyumba. Kampuni ilimpa ile ya kambi alipooa, ikaipaka chokaa, ikabadilisha vioo. Kitu kikiharibika, unaenda ofisi ya kambi, unasema, unarudi kungoja fundi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba viwili na saruji nzuri ya kiwanda cha Kakontwe. Baba aliizunguka, akafungua robine maji yakatoka, akaridhika, akamuuliza mwenye nyumba:

"Na robine ikiharibika, tutaenda kusema wapi?"

Yule bwana alicheka mpaka akashika ukuta. "Citoyen, utaenda kusema ku robine yenyewe!" Kisha akamtazama Baba upya. "Kumbe weye ni muntu wa kampuni. Balikupatia feza ya mwisho?"

Baba akaitika kwa fahari kwamba kiinua mgongo chake amelipwa. Bei ikapanda palepale, tukiwa bado uani.

Nyumba ya pili, swali lilelile, bei ikapanda vilevile. Njiani nikaelewa: hawapimi nyumba, wanatupima sisi. Nikangoja mpaka tulipoketi kula bukari, ugali wetu wa jioni.

"Papa, usiulize tena mambo ya fundi."

"Sasa nani atauliza?"

"Minye," nikasema, nikijionyesha kwa kidole.

"Weye? Weye unayejificha wageni wakiingia?" Akacheka, mara ya kwanza tangu aache kazi.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mjane, mbali kidogo, upande wa njia ya Buluo. Niliuliza kama mwezi wa tisa, kabla ya mvua, maji yanafika kwenye robine, na paa linavuja wapi. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata yule mjane akainama kunisikia.

"Sema na nguvu, mama. Minye hapana kula bantu."

Baba alisimama nyuma yangu, amefunga mdomo kama anapigwa picha. Yule mama alijibu kila kitu bila kuficha, hata kona inayovuja akanionyesha. Bei tuliiweza. Ila kulikuwa na chumba kimoja cha kulala na salon ya wageni, basi. Maswali yangu mwenyewe ndiyo yalinipatia nyumba ya kunipeleka Kambove.

Ningeweza kusema paa ni baya. Nilifikiria hivyo, sitakataa.

"Ni nyumba nzuri, Papa," nikasema.

Akaipima salon kwa hatua zake. "Chumba ni yako. Minye nitalala hapa."

Sasa kila asubuhi anakunja godoro lake na kulificha nyuma ya kiti, wageni wasijue. Lakini wageni hawaji. Rafiki zake wa kambi wanasema ni mbali. Mlango kati ya chumba na salon ni mwembamba. Usiku namsikia akijigeuza, naye labda ananisikia nikiandika haya, kila mmoja upande wake wa mlango.

Juzi robine ilianza kudondosha maji. Baba akavaa koti, akavaa kofia, kama zamani akienda ofisi ya kambi, akafika mlangoni. Hapo akasimama, mkono kwenye kitasa.

Nilikata ukanda kutoka mpira wa zamani wa baiskeli yake, nikaufunga kwenye robine kwa nguvu. Maji yakapungua, hayakuacha. Baba alivua kofia, akaketi juu ya godoro lililokunjwa.

"Tungoje kidogo," alisema.

Sikumuuliza tunamngoja nani. Nikaketi naye.