Faili Isiyojulikana ya Mwalimu Albert

Mji wa Fizi ulikuwa umebaki nyuma sana pikipiki ilipoingia kijiji cha Lubondja. Florentine alishuka. Aliishi mjini Baraka miaka yote bila kufika huku, na sasa alisimama katikati ya mashamba ya mihogo, kompyuta yake imefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto.

Kule Baraka, Florentine ana kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza mashine. Zamani alifuta faili asiyoijua kwenye kompyuta ya mchungaji mmoja, ikakataa kuwaka tena. Mahubiri ya miaka tisa yakapotea. Mchungaji alimsamehe mbele ya watu. Yeye hajajisamehe. Tangu siku ile hafuti kitu kabla ya kujua kimetoka wapi.

Mwenye shida leo ni Mwalimu Albert, mstaafu, baba wa Dieumerci, mwendesha pikipiki aliyemleta Florentine. Kwa miaka kumi na miwili anaandika kamusi ya Kibembe. Wiki iliyopita muuguzi wa kijiji alimwekea programu ya kukamata virusi, na sasa kioo kinaonyesha onyo jekundu: ndani ya folda ya mfumo iko faili isiyojulikana. Ifutwe?

"Mi nilimwambia tufute tu," alisema Dieumerci. "Kama ni virusi, itakula maneno yake yote."

"We uko muntu wa pikipiki," Albert akamjibu. "Kaa na pikipiki yako."

Florentine alinakili kamusi kwanza kwenye flash, ndipo akaanza kuipeleleza faili. Aliitafuta kwenye kompyuta yake mwenyewe, haikuwamo. Akatazama kama ina sahihi ya kampuni yoyote, haina. Akapanda kilima kutafuta mtandao, akalitafuta jina la faili huko. Hakuna aliyewahi kulitaja duniani. Alirudi akaketi mbele ya mashine.

"Iko mbaya?" Albert aliuliza.

"Haina ndugu, Papa. Hakuna anayeijua."

"Basi," Dieumerci alisema, mkono ukienda kwenye kipanya. Florentine aliuondoa mkono ule taratibu, akafungua ukurasa wa maelezo ya faili. Iliingia tarehe tatu Januari 2019, saa kumi alasiri. Chini, mahali pa mtengenezaji, paliandikwa Vanessa. Mahali pa maelezo: Clavier ya Papa, yaani kibodi ya Papa.

Florentine aliwageukia.

"Vanessa ni nani?"

"Dada yangu," Dieumerci alisema. "Alisomea informatique, mambo ya kompyuta, Bukavu. Alikufa kule, mwaka uliofuata."

Florentine alitamani kuishia hapo. Lakini virusi nayo huweza kujiandikia jina lolote. "Papa, siku ile nani alikaa kwenye mashine?"

"Yeye. Alikuja likizo ya mwaka mpya. Siku mbili hakuinuka, akamaliza jua lote la betri. Nilimugombeza." Albert alivua miwani. "Aliniambia sasa nitaandika muzuri. Sikuuliza alifanya nini."

"Na zile alama za sauti juu ya herufi za kamusi, unaziandikaje?"

"Nafinya clavier na vidole viwili pamoja, zinakuja. Nilizani mashine zote ziko hivyo."

Florentine aliingia kwenye mipangilio, akaizima clavier ile, akamwomba aandike. Albert alifinya vidole viwili. Hakikuja kitu. Akafinya tena, kwa nguvu, kama anayegonga mlango. Florentine akaiwasha upya. Alama zikaja, moja moja, juu ya kila herufi iliyostahili.

"Haijakula kitu," alisema. "Kazi yake ni hii tu."

Aliiambia ile programu isiiguse tena faili hii. Kisha akasita. "Papa, kule Baraka walimu wanakuja kwangu kila wiki, wanataka kuandika Kibembe, na sina kitu cha kuwapa. Naweza kuichukua?"

Albert alivaa tena miwani yake. "Jina la Vanessa utalifuta?"

"Hapana, Papa."

"Basi peleka. Atatembea kidogo."

Florentine aliinakili faili kwenye flash yake. Kwa desturi Albert angewasindikiza hadi barabarani, lakini alikomea mlangoni. Betri ilikuwa imebakiza saa moja tu. Dieumerci alimpa Florentine kofia yake ya pikipiki, jambo ambalo asubuhi hakulifanya, akawasha pikipiki. Walipoteremka kuelekea Fizi, mzee alikuwa tayari amerudi mezani, akifinya vidole viwili.